Togwa, Mtindi na Vijidudu Rafiki vya Tumboni

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Nimelibeba kwa muda mrefu, na huenda likamsaidia mtu.

Mwaka 1995 nilikuwa nesi kijana katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya misheni. Nilikuwa na stashahada mpya, sare iliyopigwa pasi vizuri na maneno makali mdomoni. Asubuhi moja alifika bibi mmoja kutoka kijijini, amembeba mgongoni mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi yake. Tulipompima tuliona hali bado si mbaya sana. Macho yalikuwa yameingia ndani kidogo na alikuwa na kiu kali, lakini alikuwa analia na machozi yanatoka. Tukaanza kumpa maji ya ORS, kijiko baada ya kijiko. Hadi jioni alikuwa anacheka.

Nilipokuwa nawaonyesha kitanda, niliona kibuyu chini ya kanga ya bibi. Nikauliza, "Bibi, humo mna nini?" Akajibu kwa upole, "Ni togwa, mwanangu. Ya mtoto." Nami, mbele ya akina mama wote wa wodi ile, nikakichukua kibuyu na kuimwaga togwa yote kwenye karo. Nikasema kwa sauti, "Huu ndio uchafu unaowaharisha watoto wetu!" Bibi hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Hicho ulichomwaga ndicho kilichomlea mama yake." Akakunja kanga yake, akanyamaza.

Mtoto yule alipona. Lakini bibi hakurudi tena kliniki. Mwaka uliofuata mdogo wake yule mtoto, akiwa na umri wa miezi minane, alianza kuharisha. Familia ilikaa naye nyumbani siku nne. "Tuliogopa kugombezwa," walituambia baadaye. Walipomleta hakuweza tena kunywa. Alifariki usiku ule ule, dripu ikiwa bado mkononi.

Togwa haikumuua mtoto yule. Kilichomuua ni kukosa maji mwilini, na kilichomchelewesha ni ulimi wangu. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze kwa haki juu ya kile nilichokimwaga: ndani yake mna nini, kinasaidia nini, na kitu gani hakiwezi kukifanya hata kidogo.

VIJIDUDU SI WOTE ADUI

Shuleni tulifundishwa kwamba vijidudu huleta maradhi. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Katika utumbo wa kila mtu mwenye afya wanaishi bakteria wengi kupita hesabu ya kawaida, mabilioni kwa mabilioni. Walio wengi hawatudhuru. Baadhi yao hutusaidia kusaga chakula, hututengenezea vitamini na huwazuia bakteria wabaya wasipate mahali pa kukaa.

Fananisha na shamba. Shamba lililojaa maharage yaliyostawi haliachi nafasi kubwa kwa magugu. Shamba lililoachwa wazi, magugu hulivamia mara moja. Utumbo nao uko hivyo.

Kati ya bakteria hawa rafiki kuna ukoo unaoitwa laktobasili. Hao ndio wanaochachusha maziwa yakawa mtindi, na uji ukawa togwa. Wanakula sukari iliyomo katika maziwa au uji na kutoa asidi. Ule uchachu unaouonja ulimini ndio kazi yao. Bakteria wengi wa kuharisha hawastawi penye asidi kali namna hiyo, na wengine hufa.

WATAALAMU WALIANZIA KATIKA MAZIWA

Habari hii si ya jana. Mwaka 1899 daktari mmoja Mfaransa, Henri Tissier, alikuwa anachunguza vinyesi vya watoto wachanga jijini Paris. Aliona kwamba watoto wanaonyonya maziwa ya mama wana bakteria wa aina fulani kwa wingi sana. Bakteria hao leo wanaitwa bifidobakteria. Mwaka 1905 kijana wa Bulgaria aliyekuwa anasoma udaktari Geneva, Stamen Grigorov, aliwaona kwa darubini bakteria wanaogandisha mtindi wa kwao.

Kisha akaja Élie Metchnikoff, mtaalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Yeye aliamini kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi kwa sababu ya kunywa maziwa yaliyochacha. Jambo hilo la maisha marefu halikuthibitishwa. Lakini wazo lake kwamba kuna bakteria wanaoweza kumsaidia mwanadamu liliwafungulia njia wengine.

TOGWA YETU YAPIMWA

Sasa tuje nyumbani. Mimi nilipokuwa namwaga togwa kwenye karo, wataalamu wetu wenyewe wa Tanzania walikuwa wanaipima kwa makini. Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao waliolishwa uji wa kawaida.

Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walichapisha kazi nyingine. Waliwachukua watoto wenye afya wa chini ya miaka mitano na kuwagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, kundi jingine uji usiochachushwa. Kabla ya kuanza, karibu watoto 28 kati ya kila 100 wa kundi la togwa walikutwa na bakteria wa maradhi tumboni. Baada ya wiki moja walibaki kama 8 kati ya 100. Wiki mbili baada ya kuacha kupewa togwa, walipanda tena na kufika kama 13 kati ya 100.

Tuwe wakweli hapa. Hata katika kundi la uji wa kawaida bakteria wa maradhi walipungua, kwa hiyo tusiseme togwa peke yake ndiyo iliyofanya yote. Lakini tunajifunza mambo mawili. Kwanza, togwa iliyochacha sawasawa haikuleta maradhi niliyokuwa nayadhani. Pili, msaada wake ni wa kila siku. Ukiacha kunywa, kazi yake nayo hupungua.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Norway, walieleza ni bakteria gani hasa waliomo katika togwa. Mmoja aliyeonekana kwa wingi anaitwa laktobasili plantaramu.

Shikeni jina hilo, maana mwaka 2017 lilisikika dunia nzima. Huko India, katika jimbo la Odisha, watoto wachanga 4,556 wa vijijini waliingizwa katika utafiti mkubwa. Nusu yao walipewa kwa siku saba dawa yenye laktobasili plantaramu wa aina moja maalumu, pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao. Nusu nyingine walipewa dawa ya mfano, isiyo na bakteria. Wote walikuwa wananyonyeshwa. Walifuatiliwa siku 60. Katika kundi la dawa ya mfano, watoto 9 kati ya kila 100 walipata maambukizi makali ya mwili au walifariki. Katika kundi la bakteria walikuwa kama 5 kati ya 100. Kwetu sisi tunaowaona vichanga wakifa kwa maambukizi, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini tafadhali, mama asinielewe vibaya akampa kichanga togwa! Dawa ile ilitengenezwa maabara, ikapimwa na kutolewa na wahudumu kwa kipimo maalumu. Bakteria ni kama watu wa ukoo mmoja. Wanaitwa jina moja, lakini huyu ni fundi seremala na yule ni mvuvi. Kazi aliyoifanya mmoja Odisha hatuwezi kumwandikia ndugu yake aliyemo katika kibuyu chetu.

VINAFANYAJE KAZI?

Kwa lugha nyepesi, vijidudu rafiki husaidia kwa njia nne:

1. Huleta asidi ambayo bakteria wengi wa maradhi hawaipendi.

2. Hushika nafasi kwenye ukuta wa utumbo na kugombania chakula, kama wapangaji waliotangulia kuingia nyumbani.

3. Husaidia kusaga chakula. Watu wazima wengi wa kwetu wakinywa maziwa mabichi au ya kuchemsha tumbo hujaa gesi na kunguruma, kwa sababu mwili wao hausagi vizuri sukari ya maziwa. Mtindi huwasumbua kidogo tu, maana bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo na wanaendelea kusaidia kuisaga tumboni.

4. Huufundisha mwili kupambana. Kinga ya mwili hukutana na bakteria hawa kila siku na kujifunza kutofautisha rafiki na adui.

Tena kuna faida iliyothibitishwa vizuri kuliko nyingine: kuharisha kunakoletwa na dawa za antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti 33 zenye watoto zaidi ya 6,000 waliokuwa wanatumia antibiotiki. Kati ya waliopewa pia bakteria rafiki, watoto 8 katika kila 100 waliharisha. Kati ya wale ambao hawakupewa, waliharisha 19.

WASICHOWEZA KUFANYA

Baada ya miaka mingi ya kudharau, watu wengine sasa wanazidisha sifa. Hilo nalo ni hatari.

Miaka michache iliyopita baba mmoja kijana, msomi, mwenye duka mjini, alimleta mtoto wake wa miezi kumi. Alikuwa amenunua pakiti ndogo ndogo za "bakteria wazuri" kwa bei kubwa na kumpa mtoto kwa siku tatu. Kila pakiti aliikoroga katika kijiko kimoja cha maji. Maji mengine hakumpa, akiogopa kwamba yatamzidishia kuharisha. Tulipoivuta ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, ilirudi polepole mno. Macho yalikuwa yamezama na mikono ina baridi. Safari hii hatukumgombeza mtu. Tulishika dripu haraka, na saa sita usiku mtoto alikojoa. Baba yule alilia pale pale ukutani, na mimi nilimkumbuka bibi wa kibuyu.

Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na moja ya Kanada, zenye watoto zaidi ya 1,800 kwa jumla. Wote walikuwa wamefika hospitali kwa sababu ya kuharisha au kutapika. Ule wa Marekani ulimjaribu bakteria mashuhuri anayeitwa laktobasili ramnosi GG. Herufi hizo ni za majina ya ukoo ya waliomgundua miaka ya 1980, Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Ule wa Kanada ulijaribu mchanganyiko wa laktobasili wa aina mbili. Katika nchi zote mbili, watoto waliopewa bakteria hawakupona mapema kuliko wale ambao hawakupewa.

Maana yake ni hii: vijidudu rafiki ni walinzi wa kila siku, si zimamoto. Moto ukishawaka, yaani mtoto akishaanza kuharisha, kinachookoa maisha ni maji, chumvi na sukari, pamoja na zinki. Wala hakuna mtindi, togwa au pakiti yoyote inayotibu kipindupindu, homa ya matumbo, malaria au UKIMWI. Mtu akikuambia hivyo, anakuuzia maneno.

MTOTO AKIHARISHA, FANYA HIVI

1. Anza maji ya ORS mara moja. Yeyusha pakiti moja katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila baada ya kuharisha. Mwenye miaka miwili na zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Mpe polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea. Yakibaki hadi kesho yake, mwaga na utengeneze mengine.

2. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Chumvi ikizidi ni hatari. Mpe mtoto maji hayo huku unafanya mpango wa kwenda zahanati.

3. Mpe zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi. Nusu kidonge kwa aliye chini ya hapo.

4. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usimfungishe mtoto njaa. Kama amezoea togwa nzito au mtindi safi na amefikisha umri, aendelee kupata, lakini visichukue nafasi ya ORS.

5. Usinunue antibiotiki kwa kukisia. Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji dawa hizo.

Mkimbize hospitali bila kungoja kukicha ukiona lolote kati ya haya: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, macho yamezama, kinyesi kina damu, au ana homa kali. Aliyeharisha siku 14 bila kukoma naye aletwe.

MAZIWA YA MAMA NDIYO YA KWANZA

Je, kichanga apewe nini ili apate vijidudu rafiki? Jibu ni ziwa la mama yake. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari za namna ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza ni za nini. Sasa tunajua kwamba ni chakula cha bifidobakteria, wale aliowaona Tissier mwaka 1899. Yaani mama anaponyonyesha huwalisha wawili: mtoto wake, na walinzi wa tumbo la mtoto wake.

Kwa hiyo miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Asipewe maji, wala uji, wala togwa, wala mtindi. Baada ya miezi sita aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

NAMNA YA KUTENGENEZA KWA USAFI

Mtindi: Chemsha maziwa hadi yafure. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa brusela, wala uchachu hauwaui vijidudu hivyo kwa uhakika. Akina mama wengi huniambia, "Nesi, yakichemshwa hayagandi vizuri, yananuka tu." Wanasema kweli, maana moto umeua hata laktobasili. Dawa yake ni mbegu. Acha maziwa yapoe hadi uweze kutia kidole safi kwenye kijiko cha maziwa hayo bila kuungua. Kisha tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana katika kila lita. Koroga, funika, weka mahali pa joto hadi kesho yake. Yakishaganda usiyachemshe tena, utawaua rafiki zako.

Togwa: Pika uji wa mahindi uive kabisa. Uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia unga wa kimea cha ulezi na ukoroge. Utaona uji mzito unakuwa mwepesi. Hiyo ni kazi ya kimea, na ndiyo sababu mtoto anaweza kumeza uji wenye unga mwingi, wenye nguvu, bila kukabwa. Ongeza vijiko vichache vya togwa nzuri iliyotangulia. Funika, uache usiku kucha hadi kesho yake, mpaka uchachu usikike wazi. Ya mtoto iwe nzito, na baadaye ongeza karanga zilizosagwa laini au maziwa yaliyochemshwa, maana togwa nyepesi peke yake haishibishi.

Tahadhari tatu. Kwanza, usiongeze maji ambayo hayakuchemshwa baada ya togwa kuwa tayari. Pili, nafaka yenye ukungu itupwe, kwa sababu uchachu hauondoi sumukuvu. Tatu, togwa iliyokaa siku nyingi ikaanza kutoa harufu ya pombe si ya watoto.

MASWALI NINAYOULIZWA KLINIKI

Mtindi wa dukani una vijidudu hai? Mwingine unao, mwingine umepashwa moto baada ya kuganda na vijidudu vimekufa. Soma maandishi ya pakiti. Angalia pia sukari isizidi.

Ninatumia antibiotiki. Je, ninywe mtindi? Waweza. Ila maliza dozi yako. Dawa kama doksisaiklini na siprofloksasini hazipatani na maziwa, hivyo pishanisha kwa angalau saa mbili.

Mtoto njiti apewe bakteria hawa? Hapana, isipokuwa daktari wake aamue mwenyewe. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa bakteria hawa hospitalini kuambukizwa nao katika damu na kufariki. Rafiki wa mwenye nguvu anaweza kumlemea aliye dhaifu. Wagonjwa mahututi nao wasipewe bila ushauri.

Pombe ya kienyeji nayo imechachuka. Je, ina faida hiyo? Pombe ni pombe. Madhara ya kilevi hayaondolewi na uchachu, na mtoto asionjeshwe kamwe.

KWA KUMALIZIA

Leo, nikikaribia kustaafu, katika wodi yetu hakuna anayemwaga kitu cha mama bila kuuliza kwanza. Tunauliza: Imepikwa? Maji yalichemshwa? Chombo kilioshwa? Mtoto ana miezi mingapi? Kama majibu ni mazuri, kibuyu hukaa pale pale kando ya kitanda, na kikombe cha ORS hutangulia.

Akina mama, akina baba, na ninyi bibi zetu: msiogope kuja hospitali na vibuyu vyenu. Njooni mapema, siku ya kwanza, si ya nne. Na ninyi manesi vijana mnaosoma ukurasa huu, anzeni na "Shikamoo bibi" kabla ya kunyoosha mkono kuchukua kitu chake.

Yule bibi sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Nilipokwenda kijijini kwake miaka mitatu baadaye, nilimkuta amekwisha kuzikwa. Binti yake alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akaniletea kikombe cha togwa. Nilikinywa chote.

Tukutane tena mwezi ujao.